Kipozeo: Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

Kiyoyozi kikianza kupuliza upepo usio na ubaridi, mwenye nyumba humwita fundi, na fundi husema: gesi imeisha, tujaze. Kauli hiyo husikika Dar es Salaam, Mombasa na Unguja kila msimu wa joto. Inawagharimu watu fedha nyingi, kwa sababu inaeleza jambo ambalo halijatokea.

Neno gesi ndilo linalotupoteza. Majumbani mwetu gesi ni ya kupikia: hutoka mtungini, huungua, huisha, mtungi ukapelekwa kubadilishwa. Kilichomo ndani ya kiyoyozi hakiungui, wala mashine haikili. Kimefungiwa katika mzunguko wa mabomba ya shaba nyekundu, hutoka mashine ya nje kwenda ya ndani na kurudi, tena na tena, na kiwanda hukipima kwa gramu kikitarajia kidumu maisha yote ya mashine. Kikipungua, ama kuna mahali kinatokea, ama hakikutiwa cha kutosha siku ya kufungwa. Hakuna njia ya tatu.

Tena si gesi muda wote. Chukua R-22, iliyokuwamo katika viyoyozi vingi vya zamani. Kwa shinikizo la kawaida la hewa huchemka kwenye nyuzi 40.8 chini ya sifuri. Ndani ya koili ya mashine ya ndani huchemka kwa shinikizo dogo, na katika kuchemka hunyonya joto la chumba. Kompresa huivuta ikiwa mvuke na kuikandamiza. Koili ya nje hulitoa lile joto uani, nayo R-22 hurudi kuwa kimiminika. Anayeiita gesi amesema nusu ya safari yake. Anayeiita kimiminika cha kupozea amesema nusu nyingine.

Waingereza hukiita refrigerant, jina linalotaja kazi na kuacha hali. Mafundi wetu husema gesi au frioni, na hili la pili lilianza kama jina la biashara la bidhaa za DuPont. Mimi natumia kipozeo. Kitenzi ni poza; ukikipa kauli ya kutendea unapata pozea, na kutoka hapo kipozeo, kitu cha kupozea, kwa njia ileile ambayo chochea ilitupa kichocheo cha wanakemia. Nimeliacha kipozaji kwa makusudi, maana kiambishi chake cha mwisho kingekifanya kitu hiki kiwe mtendaji, ilhali chenyewe hakipozi chochote bila nguvu ya kompresa. Na herufi zihesabiwe vizuri: kipoozeo, kwa o mbili, kingetokana na pooza, na hapo tungezungumzia ugonjwa. Wapo watakaouliza kama neno hili halitagongana na kinachopoza injini za magari. Hicho hubeba joto kikibaki kimiminika, na gereji nyingi hukiita maji ya rejeta. Kibaki na jina lake.

Kwa tatizo lenyewe tunalo neno zuri, mvujo. Ukisema kipozeo kina mvujo, swali linalofuata linajileta lenyewe: uko wapi? Ukisema gesi imeisha, linalofuata ni bei ya kujaza.

Lakini kabla ya kuutafuta, fundi mwangalifu huhakikisha kwamba upo. Chujio lililojaa vumbi, koili chafu au kapasita ya feni iliyokufa huweza kuzuia ubaridi, na pengine kuleta hata barafu kwenye mabomba. Haya hukaguliwa kwanza, maana kusafisha chujio hakuhitaji hata bisibisi. Upungufu wa kipozeo una alama zake: bomba jembamba kwenye mashine ya nje huota barafu huku lile nene likikosa ubaridi, na sehemu ndogo tu ya koili ya ndani ndiyo hupoa. Geji nayo husaidia. Kiyoyozi cha R-22 kinachofanya kazi vizuri huonyesha takriban psi 70 upande wa kurudi, cha R-410A karibu psi 120. Kwenye mashine za inveta, ambazo kompresa yake hubadilisha mwendo kila wakati, namba hiyo peke yake haitoshi kutoa hukumu.

Mvujo wenyewe huacha ushahidi, nao ni mafuta. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na kipozeo, kwa hiyo kinapotokea hubaki doa la mafuta lililonasa vumbi. Pa kuanzia ni nati zinazounganisha mabomba, pale ncha ya shaba ilipotanuliwa kwa mkono; ncha ikiwa na ufa au nati ikikazwa kupita kiasi, kipozeo hupenya. Kisha vali za huduma, ambazo kiini chake ni cha aina ileile iliyo kwenye vali ya tairi. Mwisho koili zenyewe. Miji ya pwani ina balaa la ziada: hewa ya chumvi hula mapezi ya alumini, hasa yanapogusana na shaba. Upo pia ulaji wa shaba ambao wataalamu wameupa jina la kiota cha sisimizi, kwa sababu ukikata bomba na kulitazama kwa hadubini unaona vijia vilivyojipinda chini ya uso wake. Huletwa na asidi hafifu zinazotoka kwenye gundi za mbao, rangi na dawa za usafi, pakiwa na unyevu. Koili iliyoshambuliwa hivyo haifai kuzibwa; ibadilishwe.

Povu la sabuni bado ni kipimo kizuri, mradi mna shinikizo la kutosha ndani. Kama kipozeo kimekwisha kutoka chote, mfumo hujazwa naitrojeni kavu hadi kiwango kinachoruhusiwa na mtengenezaji, ukapakwa sabuni, ukaachwa saa kadhaa huku geji ikitazamwa. Oksijeni isitumike kamwe, kwa maana ikikutana na mafuta ya kompresa kwa shinikizo hulipuka na kuua. Taa ya moto ya zamani, iliyogeuka kijani ilipokutana na klorini, haioni R-410A wala R-32, kwani hizo hazina klorini.

Mvujo ukipatikana, kipozeo kilichobaki hunyonywa kwenye mtungi maalumu kabla ya kuchomelea, kwa sababu kikiguswa na moto hutoa gesi za sumu. Baada ya kuziba na kupima tena huja hatua inayorukwa mno: kuvuta hewa na unyevu kwa pampu hadi shinikizo la chini ya mikroni 500, wakati hewa ya kawaida ina mikroni 760,000. Unyevu ukibaki, huzaa asidi ndani ya mafuta na kompresa hufa polepole. Kisha mzani. Kibao cha mashine huandika aina na gramu, na kipozeo hupimwa kwa gramu hizo. Kujaza kwa kushika bomba na kusema limepoa si kupima.

Na hapa neno gesi linakuwa la hatari kabisa. Wapo wanaoshawishika kutia gesi ya kupikia kwenye kiyoyozi, kwa kuwa kipozeo cha R-290 ni propani. R-290 husafishwa na kukaushwa, na huwekwa katika mashine zilizobuniwa kwa ajili ya kitu kinachowaka. Gesi ya jikoni ni mchanganyiko wa propani na butani wenye dawa ya harufu, na mashine ya R-22 haikuundwa kuizuia isishike moto.

Kinachovuja hakiishii uani. R-22 hudhuru tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha kuitumia ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. R-410A haigusi ozoni, lakini kilo yake moja hupasha joto dunia sawa na kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. R-32 ni 675. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwezi Oktoba 2016 yakakubaliana kupunguza kundi la vipozeo hivi pia.

Basi fundi akisema gesi imeisha, mwombe akuonyeshe mvujo kabla hujalipia kujaza. Kazi ikimalizika, mwombe aandike ubavuni mwa mashine ya nje, kwa wino usiofutika, aina ya kipozeo, gramu alizotia, mahali alipoziba na tarehe, ili fundi atakayekuja baadaye ajue pa kuanzia.