Imla ya Kifaransa na Sarufi Ambayo Mtoto Tayari Anayo: Masisi na Walikale

Mwanafunzi wa darasa la sita Masisi au Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akiandika « ils son malades » badala ya « ils sont malades », hukatwa alama sawa na mwenzake aliyeandika « loi » pale mwalimu aliposoma « roi ». Wino mwekundu hauwatofautishi, ilhali chanzo si kimoja. Kosa la « loi » ni la sikio: Kinyarwanda, ambacho watoto wengi wa Masisi hukisema nyumbani, hakitenganishi l na r, hivyo mtoto ameandika alichosikia, na dawa yake ni mazoezi ya kusikia na kutamka. Kosa la « son » ni la sarufi. « Son » na « sont » hutamkwa namna moja hata Paris. Kurudia imla mara kumi hakutamsaidia.

Vitabu vya Kifaransa humpa mwanafunzi kipimo: badilisha « sont » kwa « étaient », au « a » kwa « avait », usikie kama sentensi inakubali. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya mtoto aliyenyonya Kifaransa nyumbani, ambaye sikio lake linajua kukataa. Anayekutana nacho darasani tu hana sikio hilo. Anacho Kiswahili, na Kiswahili hakichanganyi mambo haya hata kidogo: « ils sont malades » ni wao ni wagonjwa, « son livre » ni kitabu chake, « ses livres » ni vitabu vyake, « ces livres » ni vitabu hivi, « ou » ni au, « où » ni wapi. Hata « leur » na « leurs », zinazowasumbua Wafaransa wenyewe, hutengana mara moja: kitabu chao, vitabu vyao. Kweli, mbinu ina mpaka. Katika « ils sont partis » hakuna ni, kuna wameondoka. Hata hivyo mtoto akitafuta -ake haioni, na hilo latosha kuiondoa « son ».

Watapinga wengine kwamba Kiswahili darasani kitachelewesha Kifaransa, na mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi hufanywa kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 yenyewe inazitaja lugha za taifa na za mazingira kuwa nyenzo za kufundishia kando ya Kifaransa. Tena hapa Kiswahili kinatumika kuelekeza kalamu kwenye Kifaransa sahihi. Hoja nzito zaidi ni kwamba wapo wanaoamka na Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda. Lakini hizo nazo ni lugha za Kibantu zenye upatanisho wa ngeli, na mwalimu anayezijua atapata humo utengano uleule wa -ake na hivi. Kuhusu madarasa yaliyofurika tangu elimu ya msingi itangazwe bure mwaka 2019, na zaidi kwa wimbi la wakimbizi wa ndani, mbinu hii haidai kitabu. Inadai ubao, chaki, na mwalimu anayeuliza kabla ya kusahihisha: hapa unasema vyake au hivi?