Kaboni katika udongo wa mashamba ya Bunia

Kaboni ya udongo ni ile iliyomo ndani ya mboji, mizizi inayooza na viumbe vidogo vya ardhini. Duniani kote, mita moja ya juu ya udongo ina takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, kiasi kinachokaribia mara mbili ya iliyoko hewani. Katika nchi za joto akiba hii hupotea upesi na hurudi polepole. Mashamba yanayouzunguka mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yanaonyesha kwa nini.

Bunia iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, magharibi mwa Ziwa Albert. Kimo hicho hupunguza joto, lakini hakuna baridi ya kuwasimamisha bakteria na kuvu. Kunapokuwa na unyevu, huozesha mboji mwaka mzima, na kasi yao huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Mboji huokolewa na chembe za mfinyanzi pamoja na oksidi za chuma na alumini, ambazo hushikamana nayo na kuikinga. Hata hivyo, udongo mwekundu wa nchi za mvua nyingi umechujwa kwa muda mrefu sana, na mfinyanzi wake hushika virutubisho vichache. Sehemu kubwa ya rutuba imo katika mboji yenyewe, hivyo mkulima akipoteza kaboni, mahindi na maharage yake huonyesha mapema.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 na Axel Don na wenzake yalikuta kwamba msitu wa asili wa tropiki ukigeuzwa shamba la mazao ya msimu, udongo hupoteza wastani wa robo ya kaboni yake; ukigeuzwa malisho, takriban asilimia 12. Jembe huvunja mabonge yaliyoficha mboji, na katika miteremko ya Djugu, eneo la jimbo hilo la Ituri, mvua huchukua tabaka la juu, lililo tajiri kuliko yote. Muhogo, chakula kikuu cha Ituri, huufukua udongo wakati wa kuvunwa na huacha mabaki machache. Moto nao hurudisha hewani kaboni ya mabua na nyasi. Mkulima anayechoma hafanyi hivyo kwa ujinga: majivu hupunguza asidi na kumpa potasiamu kwa msimu mmoja au miwili. Gharama huja baadaye.

Dawa ya zamani ilikuwa kupumzisha shamba. Taasisi ya kilimo ya kikoloni INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933 na kuwa na makao Yangambi, iliubuni mfumo wa vishoroba: vipande virefu vya shamba vilipishana na vipande vya msitu, kisha vikaachwa vipumzike kwa miaka mingi. Serikali ya Wabelgiji iliueneza kwa amri, jambo lililoufanya uchukiwe, ingawa msingi wake wa kitaalamu ulikuwa sahihi.

Vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003, na mapigano yaliyorudi mwishoni mwa 2017, vimewafukuza watu wengi kutoka maeneo ya Djugu na Irumu, na wengi wao wamekimbilia Bunia. Mashamba ya mbali hubaki vichaka na huenda yakapata nafuu, huku yaliyo karibu na mji na kambi yakilimwa bila kupumzika, na miti ikikatwa kwa kuni na makaa.

Samadi husaidia sana, lakini sehemu ya kaboni yake imehamishwa tu kutoka malishoni. Matandazo, mikunde na makinga maji husaidia pia, ila yasitegemewe kufanya muujiza: majaribio ya muda mrefu magharibi mwa Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba hata kilimo hifadhi na matumizi mazuri ya mbolea vilipunguza upotevu wa kaboni tu, bila kuongeza akiba. Miti ya kudumu shambani huahidi zaidi kwa sababu mizizi yake hushuka chini kuliko ya mahindi.

Kwa Bunia, basi, hatua ya kwanza ni kuacha kuchoma mabaki na kurudisha samadi shambani. Miti itapandwa kwa wingi pale tu mkulima atakapokuwa na hakika kwamba yeye ndiye atakayeivuna.