Bastola iliyofyatua risasi 6,000 bila kukwama

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu. Sababu moja ni kwamba nimekuwa nikisoma mambo ambayo hayana uhusiano wowote na tarakilishi. Au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Ilianza hivi. Binamu yangu ana leseni ya silaha na hushindana kulenga shabaha. Juzijuzi alinunua bastola mpya ya mashindano, ya milimita 9, inang'aa kama sufuria ya arusi. (Bei siitaji, mkewe husoma ukurasa huu.) Siku ya kwanza uwanjani ikaanza vituko. Anapiga risasi nne, tano, inakwama. Mara ganda tupu linabanwa mlangoni limesimama wima kama bomba la moshi, mara risasi mpya inainamisha kichwa na kugota chini ya mtutu badala ya kuingia. Akanipigia simu: "Wewe si kazi yako ni kusaka wadudu kwenye programu? Basi njoo umsake huyu."

Mimi sina leseni na bastola sikuigusa. Nilikwenda na daftari.

Kwanza ilinibidi nielewe kitu hiki kinafanyaje kazi. Risasi inapofyatuka, nguvu inayosukuma kichwa cha risasi mbele ndiyo hiyo hiyo inayorudisha nyuma kile chuma cha juu kinachoteleza, tukiite slaidi. Slaidi ikirudi, ndoano ndogo inalivuta ganda tupu kwa ukingo wake hadi linagonga kijiti cha chuma na kurushwa nje. Springi nayo inairudisha slaidi mbele, njiani inachota risasi ya juu kwenye magazini, inaipandisha kilima kidogo na kuisukumia chemba. Yote hayo kwa kupepesa jicho, na yote yanalipwa kutoka mfuko mmoja: ule mrudisho wa risasi moja. Hakuna akiba. Kila msuguano, kila springi, kila ndoano inakula kutoka humo.

Nilipouliza ni nani aliyewahi kulitatua jambo hili vizuri, kila njia ilinirudisha kwa mtu mmoja, John Browning, fundi aliyezaliwa mwaka 1855 huko Ogden, Utah, Marekani.

Jeshi la Marekani lilikuwa likitafuta bastola mpya. Majaribio ya mwaka 1904 yalikuwa yamependekeza kipenyo kisichopungua inchi 0.45, na mwaka 1907 makampuni kadhaa yalipeleka silaha zao kushindanishwa kwenye kiwanda cha silaha cha Springfield, Massachusetts. Mbivu na mbichi zikajulikana mapema. Waliobaki wakapungua hadi wawili, kampuni ya Colt, iliyotumia michoro ya Browning, na kampuni ya Savage. Kila mmoja alitakiwa kutoa bastola 200 ziende kwa askari zikatumike kweli.

Hapa ndipo panaponipendeza. Bastola zilirudi na malalamiko, na Browning hakusema kwamba askari hawajui kuzitumia. Alirudi mezani. Ile ya 1907 ilikuwa na mtutu ulioshikwa na viungo viwili, mbele na nyuma. Kufikia 1909 alikuwa ameondoa kimoja, mtutu ukabaki unainama kwa kiungo kimoja tu cha nyuma. Vipande vikapungua, na vitu vya kwenda mrama vikapungua. Akabadilisha pia mwinamo wa mpini. Novemba 1910 zikajaribiwa tena kwa risasi 6,000, na bado zote mbili zilisumbua. Akarudi mezani tena.

Machi 1911 likaja jaribio la mwisho. Risasi 6,000 kwa siku mbili kutoka bastola ile ile. Zinapigwa 100, inaachwa ipoe dakika tano. Kila baada ya 1,000 inasafishwa na kutiwa mafuta. Ikichemka sana inatumbukizwa kwenye ndoo ya maji! Zilipokwisha zile 6,000 ndipo wakaanza ukorofi wenyewe. Walileta risasi zilizoharibiwa kwa makusudi, nyingine kichwa kimezamishwa mno kwenye ganda, nyingine kimeachwa nje mno. Halafu silaha ikashikishwa kutu kwa asidi, ikazikwa kwenye mchanga na tope, kisha ikafyatuliwa tena. Savage ilihesabiwa hitilafu 37. Ile ya Browning haikupata hata moja. Tarehe 29 Machi 1911 jeshi likaichukua rasmi, ndiyo ile inayojulikana leo kama M1911, na ikabaki silaha yake ya kawaida hadi mwaka 1985.

Sasa utauliza, kama fumbo lilifumbuliwa mwaka 1911, kwa nini binamu yangu alikuwa anatokwa jasho?

Kwa sababu ya wanamichezo. Bastola ya jeshi iliundwa na nafasi kidogo kati ya vyuma vyake, mchanga upate pa kupita. Wapiga shabaha hawakuitaka nafasi hiyo, kwa kuwa chuma kinachochezacheza hakirudi mahali pale pale, na kwenye yadi 50 tofauti ndogo inakuondoa katikati ya duara. Mafundi wakaanza kuzikaza slaidi na mitutu kwa mkono, na mwaka 1957 Colt ikatoa Gold Cup, bastola ya mashindano kutoka kiwandani. Wakati huo huo wanamichezo walibadilisha chakula chake. Browning alikuwa ameilisha kichwa cha mviringo chenye uzito wa gramu 15 hivi. Wao wakapenda vichwa vyepesi, bapa, vinavyotoboa karatasi tundu safi, na baruti kidogo ili mkono usirushwe. Yaani waliongeza msuguano na kupunguza nguvu kwa pamoja. Kichwa bapa nacho hakipandi kilima kama cha mviringo. Ikabidi springi zipunguzwe ukali na kilima kinyooshwe upya. Bastola ya binamu yangu si mtoto wa Browning, lakini imerithi mapatano hayo hayo.

Uwanjani alikuwa tayari amebadilisha mafuta, risasi na jinsi ya kushika, vyote siku moja. Hatukuweza kujua lolote. Nikamwomba arudishe kila kitu kilivyokuwa, aandike namba kwenye magazini zake tatu, na tubadilishe kitu kimoja kimoja. Jioni daftari lilionyesha wadudu wawili waliokuwa wanajifanya mmoja. Ganda kusimama wima lilitokea kwa magazini zote, lakini kwa zile risasi nyepesi tu. Alipoweka za nguvu ya kawaida likaisha, kwa maana springi mpya ilikuwa ngumu kuliko mrudisho wa zile nyepesi. Risasi kuinamisha kichwa kuliendelea, ila kila mara magazini namba 2. Tulipoitazama vizuri, midomo yake ilikuwa imepinda kidogo. Ilikuwa imeshaangushwa sakafuni, akakiri.

Nilicheka njiani kurudi nyumbani, halafu nikaacha kucheka. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kusoma jumbe za malipo ya karo kwa simu kwa ajili ya shule moja. Niliijaribu kwa jumbe mamia, zote safi, zote nilizotunga mwenyewe. Wiki ya kwanza ya muhula mama mmoja alisimamishwa langoni na mwanawe kwamba hajalipa, akiwa na ujumbe wa malipo mkononi. Jina lake lilikuwa Ng'ang'a. Ile alama ndogo kati ya herufi iliivunja amri yangu ya kuandika kwenye hifadhidata, na programu ikameza kosa kimya kimya. Na mimi, nilipopigiwa simu, nilichosema kwanza ni kwamba labda mama alikosea namba. Mtoto alikaa nyumbani siku mbili.

Ndani ya folda ya mradi ule sasa kuna faili niliyoipa jina "risasi mbovu". Ina jumbe zilizokatwa katikati, kiasi chenye nafasi mahali pa koma, tarehe iliyogeuzwa. Jina la kwanza kwenye orodha ni Ng'ang'a. Binamu yangu naye ameiweka magazini namba 2 kwenye rafu, kaifunga utepe mwekundu, na hataki kuitupa.