Mawe ya Mkunazini

Kazi yangu ni uashi wa chokaa katika Mji Mkongwe wa Unguja. Wageni wakiingia Kanisa Kuu la Mkunazini hutazama chini, kwenye duara la marumaru mbele ya altare, ambapo husimuliwa kuwa ulikuwapo mti wa kuwachapia watumwa. Mimi hutazama juu. Paa lile limebinuka kama mtumbwi uliofudikizwa, halina boriti hata moja, limejengwa kwa vipande vya matumbawe vilivyoshikanishwa na saruji. Walikuwapo waliobashiri kuwa litaporomoka. Sasa limepita miaka 140.

Wazo la paa lile lilikuwa la Edward Steere, na Steere hakuwa mhandisi. Alikuwa amesomea sheria Uingereza kabla ya kuwa padri, akafika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana. Mwaka huo Sultani wa Unguja, Sayyid Majid, alimkabidhi Tozer wavulana 5 walionaswa katika jahazi la watumwa. Steere alijua kazi ya kupiga chapa, basi akawafundisha vijana wa misheni kupanga herufi na kuendesha mtambo. Wale waliokuwa wamefanywa bidhaa wakawa wachapaji wa vitabu. Mmoja wa vijana wa mwanzo, John Swedi, aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1879.

Steere naye alikuwa mwanafunzi. Kiswahili alikipata kwa kuketi na masheikh na waungwana wa mjini, Waislamu waliomfafanulia maneno na kumsimulia hadithi. Bila subira yao asingetoa kitabu chake cha sarufi wala mkusanyo wa hadithi za Waswahili, vyote vya mwaka 1870, wala asingetafsiri Maandiko.

Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Sultani Sayyid Barghash na Waingereza, Juni 1873. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa hapohapo palipokuwa soko. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na mmisionari mmoja. Nyingine ilitolewa bure na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Kule Mbweni, kwenye kijiji cha watumwa walioachwa huru, Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 na karama ya ualimu. Aliongoza shule ya wasichana kwa miaka mingi, naye hakurudi kwao kustaafu: alifia Unguja mwaka 1926.

Waashi wenzangu wa wakati ule hawakuandikwa majina. Lakini kazi yao naijua. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya kuni na kuchomwa, kisha chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa iive kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ukiharakisha, ukuta hupasuka. Ndani ya kanisa, upande wa nyuma, zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, na waongoza wageni husimulia kuwa mafundi walizikosea Steere alipokuwa safarini. Wageni hucheka. Mimi nawajibu: zimebeba mzigo wake mpaka leo, na huyo Steere aliporudi hakuzibomoa.

Steere alikufa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi makanisani mwetu karama imekuwa ya mwenye kipaza sauti na mwenye bahasha nene. Anayejua umeme, anayeshona, anayepatanisha majirani, mama anayekumbuka nani hajaonekana ibadani, wote hao tunawaita kusaidia tu. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anamtaka kila mmoja aitumie karama aliyopewa kwa kuhudumiana, wala hapangi ipi ya mbele na ipi ya nyuma. Mkunazini ilijengwa hivyo: mwanasheria, mchapaji, mwalimu, mwashi, na hata tajiri wa dini nyingine.

Basi wazee wa kanisa, mnapoorodhesha mahitaji ya mwaka, msianze na michango ya fedha. Anzeni kwa kumuuliza kila muumini anajua kufanya nini, kisha mpeni kazi hiyo.