Redio Ilipoingia Wodini

Ndugu wasikilizaji, juma hili nawarudisha nyuma hadi tarehe 22 Mei, 1948, katika hospitali ya watoto mjini Boston, Marekani. Kitandani yupo mvulana wa miaka 12, mgonjwa wa saratani, na kando yake kimewekwa kipaza sauti. Kutoka Hollywood, upande wa pili wa nchi, mtangazaji Ralph Edwards anaongea naye hewani.

Mtoto aliulizwa anawapenda wachezaji gani wa timu ya besiboli ya Boston Braves. Alipowataja, wachezaji wenyewe wakaanza kuingia wodini. Jina lake halisi lilifichwa, akaitwa Jimmy tu. Wasikilizaji wakaombwa dola 20,000 za utafiti wa saratani ya watoto. Zikipatikana, Jimmy atapewa televisheni aitazame timu yake. Watu wengine walikwenda moja kwa moja hospitalini na fedha mkononi. Zilikusanywa zaidi ya dola 231,000. Televisheni Jimmy aliipata.

Nyuma ya jambo hilo alikuwapo Dk. Sidney Farber. Siku zile saratani ya damu kwa mtoto ilikuwa hukumu ya kifo, tena cha karibu. Mwaka 1947 Farber alianza kuwapa watoto dawa ya aminopterini, iliyotokana na kazi ya mwanakemia kutoka India, Yellapragada Subbarow, na wenzake. Juni 1948 alieleza habari za watoto 16, ambao 10 kati yao walipata nafuu. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda, kwani ugonjwa ulirudi. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba dawa inaweza kuurudisha nyuma.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Fedha za wasikilizaji wale hazikuishia kwa Jimmy. Mfuko uliobeba jina lake ulisaidia kujenga jengo la tiba na utafiti lililofunguliwa mwaka 1952. Huruma ya usiku mmoja ikageuzwa kuwa kazi ya miaka.

Nasi Afrika Mashariki tunayo historia yetu. Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe uliokuwa ukiwashika watoto taya. Mwaka 1961, kwa ruzuku ndogo, yeye na madaktari wenzake wawili waliendesha gari kama maili 10,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine kuuliza ugonjwa huo unapatikana wapi. Baadaye ikadhihirika kuwa dawa zinaweza kuwaponya baadhi ya watoto hao. Mwaka 1967, kwa msaada wa Marekani, kikafunguliwa kituo cha tiba Mulago, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kisha ukaja utawala wa Idi Amin mwaka 1971, na wataalamu wa Kimarekani wakaondoka. Profesa Charles Olweny na wenzake wa Uganda wakabaki na wagonjwa wao. Mfadhili ana njia ya kurudi kwao; mtoto aliye kitandani hana. Kwa hiyo msaada wa kweli ni ule unaoacha nyuma daktari, muuguzi na dawa kabatini.

Leo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi maskini hawafiki 30. Mtoto hucheleweshwa nyumbani, dawa hukosekana, au mzazi huishiwa nauli na kuacha tiba katikati. Nauli hiyo, ndugu wasikilizaji, haihitaji kusubiri mfadhili wa ng'ambo. Wala damu haihitaji, maana mtoto wa saratani ya damu au wa selimundu huweza kuongezewa damu iliyotoka katika mkono wa jirani yake.

Na Jimmy je? Wengi walidhani alikufa zamani. Mwaka 1998 akajitokeza mbele ya watu: Einar Gustafson, dereva wa lori. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 65. Waliomchangia usiku ule walidhani wanamliwaza mtoto anayekwenda zake. Kumbe walikuwa wakimsindikiza hadi uzeeni.

Hadi juma lijalo, kwaherini.