Tarumbeta za Kariakoo

Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa maradhi zaidi ya risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, yamwonyesha mwenye bunduki. Wa mzigo kaachiwa jina la soko.

Walionusurika walirudi makwao na ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19: tarumbeta na gwaride vya Kizungu, mashairi ya Kiswahili. Mombasa palikuwa na kundi la Sikochi, lililoiga askari wa Skotilandi hata kwa vazi. Dar es Salaam wakashindana Marini na Arinoti, kila kundi na vyeo vyake vya kijeshi. Wapo walioiita kasumba. Hukumu hiyo ni nyepesi mno: mtaa kushindana na mtaa, kwa karamu na kwa beti za kejeli, kulikuwapo pwani kabla ya tarumbeta. Kilichoazimwa ni vazi.

Siku za harusi tarumbeta zingali zikisikika Magomeni, ng'ambo ya bonde la Jangwani, zikimtangulia bibi harusi.