Miguu Iliyo Juu ya Picha ya John Hunter

Tazama pembe ya juu ya picha, kulia. Miguu mirefu ya mifupa inayoning'inia hapo ni ya Charles Byrne, kijana wa Ayalandi aliyezaliwa 1761, akaja London 1782 kutazamwa kwa kiingilio. Mchoraji ni Joshua Reynolds. Aliyeketi ni daktari mpasuaji John Hunter.

Byrne alikuwa na urefu wa sentimita 231 hivi. Alifariki Juni 1783, akiwa na miaka 22. Alikuwa ameomba azikwe baharini ili wapasuaji wasimpate, na ilikuwa haki yake kusikilizwa. Hunter aliupata mwili kwa fedha.

Mwaka 1909 daktari Harvey Cushing alichunguza ndani ya fuvu la Byrne, akakuta kishimo cha tezi ya pituitari kimetanuka. Uvimbe wa tezi hiyo ulikuwa ukimwaga homoni ya ukuaji tangu mifupa yake ingali michanga. Mwaka 2011 vinasaba kutoka kwenye meno yake vilifichua hitilafu ya jeni AIP, ile ile waliyo nayo baadhi ya familia za Ayalandi ya Kaskazini leo. Jamaa zao sasa wanaweza kupimwa mapema.

Mwaka 2023 iliamuliwa kwamba mifupa hiyo, iliyokuwa ikionyeshwa kwa umma, isionyeshwe tena. Imehifadhiwa kwa utafiti.